Makaburi ya Nje ya Lango

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, akaishi siku mbili. Kwetu mzazi hapelekwi makaburini. Kichanga huzikwa na wanawake watu wazima. Mama yangu ndiye aliyembeba. Aliporudi alinawa mikono, akanipikia uji, nami sikumwuliza amemlaza wapi. Nilijiambia nitauliza nikipata nguvu. Tukaletwa Louisville, Marekani, kisha mimi nikahamia Buffalo na mama akamfuata kaka yangu Columbus, na bado sikuwa nimeuliza.

Majira ya baridi ya mwaka 2015 mama alikuja kukaa kwetu kidogo. Binti yangu alikuwa amepewa kazi na mwalimu wake, atengeneze kwa maboksi mji wa Ulaya wa zama za kati. Karatasi ilitaka ukuta, lango, vichochoro vilivyopinda, kisima, soko katikati, kanisa, na makaburi ubavuni mwa kanisa. Mama hakujua kusoma. Alisikia ukuta, lango, maji, watu wengi mahali padogo, akasema mji huo anaufahamu vizuri. Jumamosi, mimi nikiwa kazini kwenye ghala kule Cheektowaga, wakaujenga wawili.

Nilirudi jioni miguu ikiwaka moto, nikakuta mezani kambi yetu. Nyumba zilikuwa kwenye mistari, njia zimenyooka, bomba la maji mwisho wa kila mstari, uwanja wa mgao wa chakula pale palipotakiwa soko. Nje ya lango mama alikuwa amebandika maharage, moja moja. Hayo ndiyo yalikuwa makaburi.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikafoka kwamba anamfelisha mtoto, kwamba Wazungu wa kale hawakupanga foleni ya unga. Nikayabandua maharage yote kwa kucha, nikayatupa kwenye pipa la taka, nikashika mkasi kukata vichochoro upya. Baadaye mama akauliza watu hawa wao walizika wapi. Binti yangu akamweleza: ndani ya ukuta, kando ya kanisa, watu walipita hapo wakienda sokoni.

"Basi hawakuwaacha watu wao mbali," mama akasema. "Walikuwa na bahati, mwanangu."

Nilidhani amenuna kwa sababu ya kazi yake kuharibiwa, nikamwacha anune. Mji ulipata alama nzuri. Mama akarudi Columbus kwa kaka yangu, na theluji haijaisha moyo wake ukasimama akiwa anakunja nguo.

Tulipokuwa garini tukitoka kumzika, binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza: je, bibi angezikwa kule kambini, angekuwa karibu na yule mtoto? Nikamwuliza mtoto gani. Akasema lile harage dogo, jeupe. Bibi alilitafuta sana kwenye mfuko, akalibandika mwenyewe, akamwambia huyu ni kaka yako, mama yako akirudi nitamwonyesha alipo.

Niliegesha gari kando ya barabara. Nikamwuliza harage hilo lilikuwa wapi.

"Nje ya lango," akasema kwa Kiswahili, taratibu.

Nikamwuliza ni upande gani. Akaanza kulia, kwa sababu hakukumbuka.