Nyumba Tuliyoiangalia Siku ya Sabato

Siku ile tulikuwa watu watano: mimi; ndugu yangu anayenifuata, ambaye ni fundi wa kujenga; mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akisomea ualimu; shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba; na mama mwenye nyumba, mjane aliyeolewa huku kutoka upande wa ziwa, akafundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Ndama mmoja alikuwa amefungwa kwenye mgomba, lakini yeye hakuulizwa kitu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Siku nyingine hatungeweza kukutana sote, maana mimi huuza ndizi Keroka, ndugu yangu yuko kwenye kazi zake za ujenzi, na mdogo wetu alikuwa chuoni. Shangazi alisali kanisa moja la Sabato na yule mama, na ndiye aliyesikia kwamba anauza ahamie kwa bintiye Nakuru. Akatupangia siku, na sharti lake.

"Leo ni Sabato," alituambia tukiwa langoni. "Macho yenu yafanye kazi. Mdomo wa pesa ufungwe mpaka kesho."

"Hata kuuliza kidogo tu, shangazi?" ndugu yangu akasema.

"Kidogo ni kiasi gani? Ukishaanza kutaja kiasi, tayari uko sokoni."

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nyumba ilikaa juu kidogo ya mteremko, upande wa Nyamira, na chini yake majani chai yalishuka hadi kwenye ukungu, nisione yaliishia wapi. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma. Tulivua viatu mlangoni. Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa imesuguliwa miaka mingi hivi kwamba dirisha zima lilionekana limelala ndani yake, na mawingu yalipita chini ya miguu yangu polepole.

Ndugu yangu hakuwa na habari na mawingu. Aligonga fremu ya mlango kwa kidole, akaweka sikio, akagonga tena.

"Mama," alisema kwa heshima nyingi mno, "jirani yako hapo juu akiuza kashamba kama haka, huwa anafurahi sana, au anafurahi kiasi?"

Shangazi akamfinya mkono. Yule mama akacheka. "Kijana wangu, huyo jirani hufurahi Jumapili."

"Basi nipe ngazi tu niangalie paa."

"Ngazi ipo. Lakini kupanda paa ni kazi, na kazi ina siku zake sita."

Mimi nilikuwa nimeshawaacha, nimefika chumba cha nyuma. Nyumba zote nilizowahi kuangalia zilitanguliza bei mbele kama mbwa mkali. Unamwona yeye kwanza, ndipo unauona mlango. Hii haikuwa na mbwa. Niliingia bila kuogopa chochote. Niliweka kitanda cha mdogo wangu chini ya dirisha. Niliweka meza, nikaweka sufuria ya chinsaga mezani, mboga yetu chungu, nikaona mvuke ukipanda. Jikoni kulinukia majivu yenye unyevu, na kwa muda nilisimama nikingoja sauti ya mtu wa kunituma maji.

Nilikuwa kidato cha kwanza mama alipomfuata baba kaburini. Nikaacha shule muhula huohuo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na nyumba ya udongo lazima ikandikwe kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Ilikuwa kazi ya mama na mimi. Lakini mwaka ule nilikuwa nikichuma majani ya chai katika mashamba ya watu tangu alfajiri, nikirudi vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na ukuta nikawa nauambia kesho. Mvua za pili zilipokuja, ukuta wa upande wa magharibi uliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Hakuumia mtu. Tukahamia chumba cha kukodi Nyakoe, na baba mdogo akapanda majani ya ng'ombe pale nyumba ilipokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Ardhi haikai bure.

Ndugu yangu alikatiwa ukanda wake pale kwa baba mdogo, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kiume. Mimi sikuolewa, na binti asiyeolewa kwetu huulizwa kwa upole, mwaka baada ya mwaka, "Na wewe utaenda wapi?" Nilikuwa nimeweka akiba tangu siku ule ukuta ulipoketi. Nilitaka mahali ambapo sisi watatu tungesema tunarudi, na mimi nisiulizwe tena.

Jumapili asubuhi nilirudi na ndugu yangu, wawili tu. Yule mama alikuwa amejitanda leso, chai tayari mezani.

"Sasa tuzungumze kama watu wa dunia," alisema. "Laki tisa."

Mimi nilikuwa na laki sita na elfu ishirini. Nilijua hesabu hiyo kama ninavyojua jina langu, lakini nilimsikia mtu akisema, "Sawa, mama," na mtu huyo alikuwa mimi.

Ndugu yangu aliweka kikombe chini. Hata yule mama alishtuka.

"Mwanangu, hivyo sivyo watu hununua. Unatakiwa ulie kidogo."

"Alie nini, na kitanda ameshatandika!" ndugu yangu akasema. "Jana alipotelea chumba cha nyuma dakika ishirini. Ndiyo shida ya kuangalia mali bila bei. Mama, hiyo ngazi iko wapi?"

Alikaa juu ya paa muda mrefu. Tulisikia nyayo zake zikitembea juu yetu. Aliposhuka, viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu. Akanivuta mpaka kwenye migomba.

"Dada, sikiliza. Mabati ya upande wa jikoni yamekwisha. Mbao za chini yake nimezichoma kidole kikaingia. Fremu ya mlango ina mchwa. Ule mkaratusi uko hatua sita kutoka ukutani na mizizi yake haina adabu. Na mvua ikinyesha, lori la mawe halifiki hapa; kila kitu kitabebwa kichwani kutoka barabarani. Ile ya Keumbu?"

Ile ya Keumbu tulikuwa tumeiangalia mwezi uliotangulia. Laki sita na nusu, mabati mapya, mlango kando ya lami. Ningefika sokoni kabla chai haijapoa.

"Ile ya Keumbu ni nzima," nilisema.

"Basi?"

"Haina hata futi moja ya udongo. Maji ni ya kununua kwa mtungi. Malori yakipita, vikombe vinatembea kabatini. Mtu akija nyumbani pale, atakaa wapi nje?"

"Atakaa ndani! Watu hukaa ndani!"

Nikampigia simu mdogo wetu, naye aliuliza swali moja tu kuhusu nyumba ile. "Dada, hiyo keja ya mlimani, majani yake ya chai yanachumwa?"

Yalikuwa yanachumwa. Robo ekari, na kituo cha kupeleka majani kilikuwa dakika kumi kwa miguu. Hilo ndilo lililonirudisha duniani. Nilirudi mezani nikaanza kulia kidogo, kama nilivyofundishwa. Nilitaja mabati, mbao, mchwa. Ndugu yangu alitaja mkaratusi mara tatu. Yule mama alishuka hadi laki nane na nusu, akagoma hapo. Tukakubaliana: laki sita mkononi, zinazobaki kwa miaka mitatu, kila bonasi ya chai, yale malipo ya kiwanda ya mwisho wa mwaka, inapolipwa. Tuandike mbele ya wakili, hati ikae kwa yule mama mpaka shilingi ya mwisho. Tukishindwa miaka hiyo ikiisha, atauza tena, aturudishie chetu akishakata kodi ya miaka tuliyokaa.

"Unaelewa hilo la mwisho?" aliniuliza.

"Naelewa, mama."

"Unaweza kuishi humu na usipate nyumba."

"Naelewa."

Tuliingia mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza ya mvua kubwa niliamka nikakuta sakafu ile nyekundu imejaa maji membamba, na dari yote iko ndani yake, inatikisika. Ilikuwa nzuri. Nilikaa kitandani nikaitazama kwa muda ambao sikupaswa kukaa. Kisha nikachukua matambara.

Bonasi ya mwaka wa kwanza tulimpelekea yote. Ya mwaka wa pili ilikuja ndogo, na jiko lilikuwa halipikiki bila mwavuli. Kwa hiyo nilichagua. Nilinunua mabati ishirini na mbao mpya, tukayabeba kichwani kutoka barabarani, mimi, ndugu yangu na mdogo wetu aliyekuwa amekuja likizo, tukipanda katikati ya chai mmoja nyuma ya mwingine, mabati yakipiga kelele kwa upepo. Nilimpigia simu yule mama Nakuru nikamwambia ukweli.

"Kwa hiyo umetengeneza paa langu kwa pesa zangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka ni ileile mitatu."

Mwaka wa tatu umeanza. Asubuhi naamka mapema, nachuma mistari miwili kabla ya kwenda Keroka na ndizi, na ukungu ukinifika kiunoni huwa sioni ninapoishia na shamba linapoanzia. Juu yangu paa jipya linang'aa. Mchwa tumewaondoa, mkaratusi tumeukata na kuuza kuni. Hati iko Nakuru, ndani ya sanduku la mama wa watu, na kwenye daftari langu imebaki laki moja na elfu sabini.