Njia Aliyopitishwa Mzee Hoza

Harufu ya sufu iliyolowa ikianza kukauka karibu na moto: hiyo kwangu ndiyo shule. Wenzangu wakikumbuka shule wanataja chaki, kengele, au fimbo ya mwalimu wa hesabu. Mimi nataja masweta. Shule yetu ilikaa juu kabisa ya mgongo wa mlima, mbali hata na kijiji cha Gare, huko Lushoto, na ukungu wa masika uliingia madirishani bila kubisha hodi. Madarasa saba tulijibana katika vyumba vitatu. Kila mtoto alikuja asubuhi na ukuni wake mkononi, mkaratusi au muwati, na Mwalimu Rehema aliuwasha moto ndani ya nusu pipa nyuma ya darasa, akafunga kamba juu yake, tukaanika masweta huku tukisoma kwa kutetemeka. Kulikuwa na moshi wa kututoa machozi na viazi mviringo tulivyovifukia majivuni kwa siri, ingawa siri yenyewe ilinukia mpaka kwa mwalimu. Aliyekuja bila ukuni hakuchapwa. Mwalimu alimwambia, "Wewe sogea karibu zaidi, kwenu inaelekea kuna baridi kuliko kwa wenzako." Nimekutana na watu wengi wenye vyeti vikubwa, lakini sentensi ile bado sijaisikia kwa mwingine.

Shule haikuwa ya serikali wala ya dhehebu lolote. Waliijenga wazazi wenyewe, Waislamu na Walutheri, wakawachagua wadhamini watano wa kuiangalia. Mmoja wao alikuwa Mzee Hoza, mstaafu wa idara ya misitu, aliyeishi chini kwenye barabara kuu. Alikuwa mrefu, mkali, na viatu vyake viling'aa hata siku ambazo hapakuwa na jua la kung'arisha chochote. Tulimwogopa vibaya sana. Akija kukagua shule tuliamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo babu!" na sauti zetu zilikuwa kubwa kuliko za kwaya, maana tulisikia kwamba aliwahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuamkia kwa uvivu.

Sasa, ng'ambo ya bonde kulikuwa na chuo cha ualimu. Chuo hicho kilitaka kuichukua shule yetu iwe shule yake ya mazoezi, yaani mahali ambapo walimu wanafunzi wanajifunzia kufundisha. Masharti yalikuwa mepesi kuyataja: tuhame sote, twende tukasomee kwenye majengo ya chuo. Huko kulikuwa na umeme, maktaba, madirisha yenye vioo vyote, na walimu wa kutosha. Kwetu walikuwepo walimu watatu, na paa lilivuja palepale juu ya meza ya mwalimu mkuu, akawa anafundisha na sufuria mbele yake. Mzee Hoza aliutaka muungano ule kwa moyo wake wote. Nataka niseme kweli, hakuwa amekosea. Mtu yeyote aliyezihesabu faida akiwa amekaa kwenye kiti angemuunga mkono.

Tatizo lilikuwa mimi. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mgongo ule. Kwenda shuleni nilitembea kidogo tu, tambarare, nikiimba. Kwenda chuoni ilibidi kushuka korongoni. Baba alikuwa Korogwe kwenye mkonge, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba, na serikali ilitangaza msimamo wake mapema huku ikifunga mafungu ya karoti za kupeleka sokoni. "Shule ikihamia ng'ambo, wewe utakaa hapa mpaka ukue. Siwezi kukuachia korongo lile na ukungu huu, halafu nikae mlangoni nasubiri mtu aje kuniambia nini." Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na nilipenda shule kama ugonjwa. Nilikwenda migombani nikalia mpaka kamasi. Nilimchukia mama, nikakichukia chuo, nikamchukia Mzee Hoza na viatu vyake.

Wadhamini walibishana vikao viwili bila kuafikiana. Ndipo Mzee Hoza akasema maneno ambayo wengine waliyaona ni majigambo: yeye mwenyewe ataanzia nyumba ya mwisho, saa ileile wanayotoka watoto, atembee na mtoto mpaka chuoni, aone. Jumapili jambo hilo likatangazwa kanisani. Msikitini lilikuwa limeshajulikana tangu Ijumaa. Loo! Kitongoji kizima kilichachamaa. Mtu mzima kama yule, mgeni, apite korongoni? Pale pana utelezi ambao mbuzi wenyewe huufikiria kwanza. Kuna gogo moja tu la kuvukia mto, na mvua ikizidi unakaa chini unalivuka kwa makalio. Wapi tungeficha nyuso zetu akianguka?

Basi watu wakafanya kile ambacho watu wa kwetu hufanya mgeni anapokuja. Mama alikwenda kumwomba mlinzi wa shamba kubwa la mbao lililokuwa jirani, lenye barabara yake pana ya magari, barabara ambayo sisi tulikuwa tukifukuzwa hata tukiokota kuni pembeni yake. Mlinzi akasema kwa siku moja atafungua geti, maana hata yeye ana baba. Wanaume walifyeka nyasi mpaka getini. Akina mama waligawana kazi. Mmoja akapangiwa kusimama katikati ya njia na chupa ya chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyejiuliza mzee anakuja kuona nini. Mimi nilijiuliza, lakini nani angenisikiliza?

Mzee Hoza alifika alfajiri, akala, akanywa, akashukuru. Nikambebea mkoba wake. Tulipita getini, mlinzi akasimama wima, tukatembea barabara ile laini chini ya misonobari, mzee akinionyesha miti na kuitaja majina kama mtu anayesalimia ndugu zake. Nilishangaa kumwona akicheka. Aliniuliza nataka kuwa nani nikikua, nikamwambia sijui ila nataka kusoma, akanipa peremende. Tulifika chuoni jua ndiyo linapasua ukungu. Viatu vyake havikuwa na tone la tope. "Kumbe ni matembezi tu haya," akasema, na moyo wangu ukadondoka mpaka kwenye kandambili. Nilikuwa nimemwongoza mwenyewe, kwa adabu zote, kwenda kuiua shule yangu.

Jumamosi wadhamini walikutana darasani kwetu. Wazazi walijaa mpaka madirishani, na sisi watoto tulikaa chini mbele. Mzee Hoza alisimama akasema njia ameiona, ni nzuri, na wanaosema watoto watateseka wanaogopa mabadiliko. Wazazi wakatazamana. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alikuwa amefungwa mdomo na ukarimu wake mwenyewe, maana utamwambiaje mgeni kwamba ulimdanganya kwa heshima? Mwenyekiti wa wadhamini alikuwa na haraka, chuo kilitaka jibu. Akasema, "Haya, tupige kura." Hapo mzee akanyoosha kidole kwangu. "Kabla ya kura, mwenyeji wangu huyu hapa. Simama, mjukuu wangu. Waambie, tulichoka?"

Nilisimama. "Hatukuchoka, babu," nikasema. Watu wakashusha pumzi, na nadhani mambo yangeishia hapo kama nisingeanza kulia. "Lakini ile siyo njia." Mama, nyuma, alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti akaniambia nikae. Mzee Hoza akamzuia kwa mkono. "Njia ni ipi?" Nikamwambia ya korongoni, na kwamba kule kwingine kuna geti, lilifunguliwa siku ile tu, kwa ajili yake. Akaniuliza, kwa sauti ile ya kurudisha watoto nyumbani, "Na mbona hukunipitisha njia yako?" Nikajibu jambo ambalo niliona kila mtu analijua, "Wewe ni mtu mzima, babu. Mtu mzima hapitishwi kule."

Halafu bibi mmoja akaangua kicheko dirishani, akafuatia mwingine, mara darasa zima linacheka, wengine wakijipangusa macho. Mzee Hoza hakucheka. Alisimama akiviangalia viatu vyake, nami nikaona kwamba nimemwaibisha mbele ya wadhamini wenzake na kwamba nitachapwa na kila mwenye mkono. Hatimaye akasema, "Bwana mwenyekiti, kazi niliyojituma sijaifanya. Kura isubiri." Mwenyekiti akaanza kunung'unika habari za chuo, mzee akamkata, "Chuo kina mahali pa kukaa. Kisubiri."

Jumatatu, mvua ikinyesha, tulisikia hodi. Hakuwa amemwambia mtu. Mama alichanganyikiwa kabisa. "Jamani, baba, hata sukari sina, hata moto sijawasha!" Mzee akasimama palepale nje, maji yanamchuruzika kofiani. "Ndiyo vizuri, mama. Usiwashe. Mtoto angeondoka saa hii?" Mama akasema ndiyo. "Basi tunaondoka." Safari hii hakunipa mkoba nibebe. Tulishuka korongoni. Aliteleza mara ya kwanza akajishika kwenye mzizi, mara ya pili akakaa chini kabisa kwenye tope na koti lake, na alipoinuka kiatu kimoja kilibaki. Tulikichimbua kwa mikono, yeye na mimi. Kwenye gogo nilimwonyesha namna ya kukaa, naye akakaa, mzee wa watu, akasogea kidogo kidogo huku mto unanguruma chini yetu, na katikati akaacha kusogea kwa muda mrefu sana. Niliogopa, nikamwambia asiangalie maji. Akasema, "Siangalii maji. Naangalia urefu wa miguu yako." Tulifika chuoni kipindi cha pili kimekwisha. Mlinzi wa chuo alituambia tumechelewa, turudi kesho.

Kilichoamuliwa kikao kilichofuata kilitoka mdomoni mwake, na hakikuwa ushindi wa upande wowote. Darasa la kwanza mpaka la nne tulibaki juu. Wa tano, sita na saba, wenye miguu mirefu, walikwenda chuoni, kwenye umeme na vitabu. Na walimu wanafunzi waliotaka watoto wa kujifunzia walivuka korongo wao, kuja kwetu. Wee! Mngewaona wale vijana wa mjini wanafika na suruali zimegeuka rangi, tunawapisha kwenye moto wa pipa. Chuo kilijenga daraja la mbao kabla mwaka haujaisha, maana sasa waliokuwa wanateleza ni watu wake. Mimi nilivuka daraja hilo nilipofika darasa la tano, nikasoma mpaka nikachoka kusoma, na leo nina duka la dawa za mifugo Lushoto mjini. Mzee Hoza ameshafariki. Nilimshukuru akiwa hai, lakini si vya kutosha, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilidhani alinisaidia kwa kutembea. Nikiwa mtu mzima ndiyo nimejua kazi kubwa aliyoifanya: alikubali kukosolewa na kitoto kinacholia mbele ya kijiji, akatuliza kiburi chake hadharani bila kutafuta mtu wa kumlipizia. Mimi mwenyewe, mteja akinisahihisha dukani, nanuna mpaka jioni.

Mwaka jana walinichagua mdhamini wa shule ileile, yale madarasa manne. Yamebaki na watoto wachache mno, wengine wamehamia Magoma na Korogwe na wazazi wao, na chuo kimeomba tena tumalizie kilichobaki, wadogo wote wahamie ng'ambo. Siku hizi hatukosi taarifa. Mwenzetu alituonyesha umbali kwenye simu, mstari wa buluu na dakika zake, kila mtu akatikisa kichwa. Nilitamani kukataa. Niliitaka shule yangu ibaki palepale mpaka nizikwe. Lakini shamba la mbao limeshagawanywa viwanja, geti halipo, barabara ni ya wote, na watoto wa nyumba ya mwisho wanafika chuoni wakipiga soga, bila kuteleza. Kura ilipoitishwa nilinyoosha mkono, nikakubali. Nililia, sikuficha.

Jioni ile mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Amezeeka lakini serikali haijaanguka. "Nimesikia umeifunga shule," akasema. "Shule niliyoibebea mawe nikiwa na mimba yako." Nikamwambia sikukata shauri kwa simu ya mtu, niliitembea kwanza, asubuhi mbili, mvua ikinyesha, nyuma ya mtoto wa jirani, na nilianzia hapahapa nje kwake. Akaniangalia kwa uchungu wa kweli.

"Ulifika mpaka hapa na mvua yote ile, usinigongee? Si ningekuwashia moto, ukanywa japo chai?"

"Ndiyo maana sikugonga, mama."