Tone la Jamu kwenye Birika la Fedha

Aksel Tvede, mfua fedha wa Kopenhageni, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuuacha mchoro wa mtu ulivyo. Ukimpa jani, atakurudishia jani na konokono juu yake. Siku zile nyundo ilikuwa na kauli. Leo mashine inabonyeza vijiko kama mhuri wa posta, na nani atabishana na mashine?

Bi Thyra Lindegaard, mchoraji wa karakana, alichoshwa na wale konokono. Alipoleta mchoro wa birika la kahawa la maonyesho, aliubwaga kwa kishindo mezani pa Aksel.

"Tvede, sikiliza. Ukiongeza hata unywele, michoro yangu yote naihamishia kwingine."

"Hata kijikonokono cha—"

"Hata!"

Aksel akainua mkono wa kuume. Kabla ya michoro ya mwanamke yule, maisha yake yalikuwa kufua pawa za kuchotea supu, upawa baada ya upawa.

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Mama yako yu hai," akadakia Munk, jirani yake wa meza. "Juzi tu kakuletea samaki wa chumvi."

"Basi kwa yule samaki!"

Akafua kama mchoro ulivyosema, mstari kwa mstari. Tumbo la birika likatoka, na mpini, na vichala vya zabibu. Ila kwenye kifuniko palikuwa na tunda la ajabu, duara lenye mkia mrefu. Hakulielewa, wala hakuuliza. Kuuliza kwake, "Hapa pasingefaa kitu?", ndiko kulikozaa konokono wote. Akajaza lami ndani ya kifuniko ili fedha isibonyee ovyo, akaligongagonga kwa patasi ndogo hadi likatuna, likang'aa kama limelowa.

Bi Thyra akaja, akalizunguka birika, machozi yakamlengalenga. Kisha mkono ukafika kwenye kifuniko.

"Hiki nini?"

"Tunda lako."

"Tunda gani?"

Aksel akautandaza mchoro. Bi Thyra akalikwangua tunda la kwenye karatasi kwa ukucha, akaulamba ukucha.

"Jamu," akasema. "Ya cheri."

Karakana ikalipuka. Desturi yao ilikuwa moja: aliyeharibu kazi huwanunulia wote bia.

"Fundi anunue!"

"Anunue aliyekula andazi juu ya mchoro!"

Munk alikuwa ameshaangukia mivukuto kwa kicheko. Aksel peke yake hakucheka. Aliziona pawa zikimjia.

"Nimeufuata," akasema.

"Umeufuata mno, bwege we! Mtu mwenye macho anafua jamu?"

"Na mtu mwenye adabu anachora huku anatafuna?"

Bi Thyra akafungua kinywa ajibu, kikatoka kicheko. Akacheka mpaka akaketi sakafuni na kofia yake, akipigapiga mbao.

"Kesho naleta kigoda," akasema alipopata pumzi. "Nitachorea hapa, ubavuni mwako. Usipoelewa, uliza. Ukiongeza, nakupiga kofi."

"Na jamu?"

"Jamu ibaki."

Bia walinunua wawili hao, nusu kwa nusu, wakainywea humo humo ndani ya birika, povu likimtiririka Munk hadi kiunoni. Aksel alifua kando ya kigoda kile miaka mingi, mpaka uzee ukamnyang'anya nyundo.

Birika hilo bado lauzwa, limebonyezwa na mashine, mkia na vyote. Wauzaji, wenye tai shingoni na nyuso za mazishini, huwaapia wateja kwamba tunda lile ni peasi.