Kitanda cha Arobaini

Kwa miaka kumi na tisa alitunza stoo ya mashuka hospitalini, na wote walimwita Mama Mashuka. Mtu mmoja tu ndiye hawakupikika naye chungu kimoja: wifi yake, dada wa mumewe, mtaalamu wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo. Tangu siku ya harusi wifi alisema kaka yake kajishusha, na hakuchoka kulisema.

Mwaka ule wifi alitengeneza programu iliyochapa kila asubuhi orodha ya vitanda vya kubadilishiwa mashuka wodi ya wanaume, yenye vitanda arobaini. Amri ikatoka: fuateni orodha, si vichwa vyenu. Mama Mashuka akafuata. Siku ya nne Matroni, mkuu wa wauguzi, akamwita wodini. Mzee wa kitanda cha arobaini alikuwa amelalia shuka lilelile tangu alazwe, limejaa madoa ya dawa, na mgongo umeanza kuchubuka.

"Una macho wewe?" Matroni alifoka mbele ya wagonjwa.

"Arobaini hakimo kwenye orodha, Matroni."

Wifi akaitwa. Hata karatasi hakuitazama. "Kompyuta haisahau. Ukurasa wa mwisho kaupoteza mwenyewe. Ndiyo shida ya watu wasiosoma."

Mama Mashuka akapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo alikitandika cha arobaini kwa kichwa chake, orodha itake isitake.

Kila Jumatano mchana wifi alifundisha wafanyakazi kuandika programu. Jumatano iliyofuata alimkuta Mama Mashuka mlangoni.

"Umekuja kufagia?"

"Nimekuja kusoma. Si umesema sijasoma?"

Wiki ya tatu wakafika kwenye mzunguko, yaani kuiamuru kompyuta irudie kazi maadamu sharti fulani bado linatimia. Wifi akaandika ubaoni mfano aliouchota kwenye programu yake mwenyewe: anza na kitanda cha 1, maadamu namba iko chini ya 40, chapa kitanda, kisha ongeza moja.

Mama Mashuka akanakili, ila kwa papara akauruka mstari wa kuongeza moja. Alipoiwasha, kioo kikafurika: Kitanda 1, Kitanda 1, Kitanda 1. Haikukoma. Namba haikuongezeka, basi ingefikaje arobaini?

"Jamani, njooni mwone!" wifi akapiga makofi. "Mzunguko usio na mwisho, kama mdomo wa mwenyewe!"

Darasa zima likacheka. Masikio ya Mama Mashuka yakawaka moto. Akaizima, akauandika mstari uliosahaulika, akaiwasha tena. Safari hii ikakoma. Akaipitia orodha kwa kidole mpaka chini, akarudia, kisha akasimama.

"Wifi, arobaini kiko wapi?"

"Kaa chini."

"Nimenakili ulichoandika, neno kwa neno. Umeiambia iendelee maadamu namba iko chini ya arobaini. Ikifika arobaini haiko chini tena, kwa hiyo inakoma kabla ya kukichapa. Ungeandika 'chini ya arobaini au sawa nayo'."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wifi aligeuka akafuta ubao kwa nguvu hadi kifutio kikamponyoka.

"Hilo ni jambo dogo," akasema.

"Jambo dogo limemchubua mzee wa watu mgongo."

Akachapa ile orodha, akampelekea Matroni. Barua ya onyo ikachanwa, lakini neno samahani hakulisikia kwa yeyote. Kesho yake programu ikarekebishwa kimyakimya. Mzee alifungwa kidonda wiki mbili zaidi ndipo akaruhusiwa.

Nyumbani mumewe alinuna. "Mambo ya ukoo mngeyamaliza ndani. Mwombe radhi, ni dada yangu."

"Aanze yeye kwa yule mzee. Mimi nitafuata."

Jumatano iliyofuata alikaa mstari wa mbele. Wifi alifundisha saa nzima akiangalia ukuta, kisha akamtupia mezani zoezi lake likiwa na sifuri nyekundu bila maelezo. Mama Mashuka akalikagua mstari kwa mstari. Kosa hakuliona. Akalikunja, akaligeuza upande mweupe, akaanza kuandika zoezi la pili.