Ng'ombe wa kwenye Ukuta wa Zahanati

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema aambiwe, tena aambiwe sana, maana macho yetu huku Itiryo nusura yamfilisi mama mkwe wangu mchana kweupe.

Ilianza siku nesi wa zahanati yetu alipobandika bango jipya ukutani. Lilitoka mbali, limechapwa vizuri, rangi zinang'aa. Katikati ng'ombe mkubwa, pembeni kikombe cha maziwa, chini mgonjwa kajifunika shuka anatetemeka. Juu ya vyote hivyo, X nyekundu. Aliyelichora alitaka kusema: msinywe maziwa mabichi, mtaugua. Maneno yenyewe aliyaweka chini kabisa, madogo kama chawa, na wengi wanaokuja kliniki hawasomi.

Sasa wewe jaribu kuwachorea wafugaji ng'ombe, uone. Kikombe nani akitazame? Macho yote yanakwenda kwenye rangi ya ng'ombe, kwa sababu huku rangi ndiyo inayokwambia ni wa nani. Ng'ombe akipotea tunataja rangi yake na baka lake lilipo, na mtu wa kijiji cha pili anajua ametoka boma gani. Huyu wa kwenye bango alikuwa mweusi, ana mkanda mweupe tumboni na paji jeupe. Kijijini kwetu ng'ombe wa hivyo alikuwa mmoja tu, wa mama mkwe wangu.

"Wamempiga picha!" watu wakasema. Na ile X ndiyo ikamaliza kazi. X nyekundu tunaijua. Nyumba za kando ya barabara zilipigwa X kama hiyo, kisha zikavunjwa. Basi wakaelewa kwamba ng'ombe wa mama ana ugonjwa, serikali imeshamwekea alama, anasubiri kuondolewa. Mpaka jioni habari ilikuwa imevuka mto.

Mama mkwe wangu ni mjane. Ng'ombe huyo alimpata kwenye mahari ya binti yake wa mwisho, aliyeolewa Kenyamonta, na maziwa yake ndiyo chumvi, ndiyo sabuni, ndiyo heshima yake pia. Mwanamke mwenye ng'ombe wake hahangaiki kugonga milango ya watu. Wateja wakaacha kuja mmoja mmoja. Laiti wangegombana naye! Walipita tu njia ya nyuma na vidumu vyao. Mama akagandisha mtindi, vibuyu vikajaa, maziwa mengine akawamwagia mbwa. Mimi nina mdomo, nikawafuata mpaka kisimani: "Nyie, yule ni ng'ombe wa karatasi!" Wakanijibu, "Wewe ni mkwe wake, utasemaje?" Iliniuma sana, maana hao ni watu tuliozikana nao.

Mwishowe mama akaagiza dalali wa mnada aje amchukue. "Ng'ombe ambaye maziwa yake hayanyweki namfuga wa nini?" akasema. Nikamwomba asubiri nirudi kutoka mjini. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, na wiki hiyo tulikuwa tumeitwa Tarime kufundishwa kuelimisha watu kwa picha.

Mwalimu wetu alikuwa fundi wa kuchora mabango ya maduka, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyojaa madoa ya rangi. Alitundika picha akasema, "Msiniambie mnachokijua. Niambieni mnachokiona." Tukadhani ni mchezo wa watoto. Akachora mshale unaoelekea kwenye choo, akauliza unasema nini. Mwenzetu wa Susuni akajibu, "Kwetu mshale haufuatwi, mzee. Ukiuona unakuja, unakimbia." Tulicheka mpaka machozi.

Mimi kicheko kikanikauka. Nikasimama nikasema yote, bango na X na mama na dalali, tena kwa ukali, kama vile yule mzee ndiye aliyelichora. Akanisikiliza hadi mwisho. "Pole sana, mama," akasema.

"Ibadilishwe rangi ya ng'ombe," mwenzetu mmoja akashauri.

"Awe mwekundu?" nikamrukia. "Huyo ni wa mwenyekiti. Mweupe? Wa katekista. Safari hii unataka tumfilisi nani?"

"Kwa hiyo huko kwenu hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe," fundi akasema.

"Hakuna! Basi mchore na mwenyewe!"

Nilisema kwa hasira tu. Lakini mzee akanitazama, akachukua brashi, akaniuliza mama yukoje. Nikamweleza: mrefu, mkavu, masikio yametogwa zamani na ndewe zinaning'inia. Kwenye karatasi ya manila akamchora ng'ombe yule yule na mkanda wake, kando yake mama, mbele ya mama mafiga na sufuria inatoka mvuke, na mkononi kikombe kiko mdomoni. X hakuweka.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwanza achemshe kweli, sitaki awe amechorwa uongo. Akanung'unika kwamba maziwa yaliyochemshwa yamekufa, hayana ladha. Akachemsha hata hivyo, akanywa amekunja uso.

Siku ya kliniki nesi alibandua lile bango la zamani, tukabandika letu. Mama alikuja nyuma yangu, akakaa benchi la mwisho amejitanda khanga. Nikawauliza wanawake, "Mnaona nini?"

"Ng'ombe wa mama."

"Na huyu?"

Mmoja, aliyekuwa mteja wa mama tangu ana mimba ya kwanza, akasema polepole, "Si mama mwenyewe? Anachemsha maziwa." Akasogea karibu na ukuta. "Kumbe anayanywa?"

"Nayanywa!" sauti ikatoka benchi la mwisho. "Utamu umepungua, lakini nayanywa!"

Wakageuka wote. Yule mteja akashika mdomo. "Shikamoo, mama."

Mama kwanza alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni kwa yule mwanamke. "Marahaba," akasema. "Huyu amekonda. Asubuhi njoo na kidumu, na ukifika kwako uchemshe."

Jioni ile dalali akaja na kamba. Mama alikuwa jikoni. Alimkaribisha, akammiminia kikombe kutoka kwenye sufuria ya moto, akamkalia mbele. Dalali akakitazama kikombe, akamtazama mama, akapuliza, akanywa mpaka mwisho.

"Haya mama, nimfungue?"

"Rudi na kamba yako, baba. Asubuhi nina wateja."

Nikaingia ndani nikalia, sioni aibu kusema.