Mstari Ulionyooka Juu ya Jiwe la Dagaa

Ile karatasi bado ninayo, nimeikunja ndani ya daftari la vipimo, na kila nikiiona natamani kutema mate. Ina mstari mmoja mweusi, umenyooka kutoka kushoto hadi kulia. Kwa mtengenezaji wa spika, mstari wa namna hiyo ni ushahidi kwamba boksi linatoa besi nzito na sauti nyembamba kwa usawa, halipendelei wala halionei. Mstari wangu ulikuwa mwongo, na aliyeuzaa ni mimi.

Kanisa letu hapa Pasiansi liliniomba nilitengenezee spika mbili. Kichwa kikavimba. Mafundi wengi hapa mjini wanapima kwa sikio: wanaweka wimbo, wanatikisa kichwa, wanasema hii inagonga, kazi imekwisha. Mimi niliwadharau. Nilikuwa na maikrofoni ya kupimia, nilikuwa na kompyuta, tena nilijua kwamba ndani ya chumba kuta zinarudisha sauti na kuharibu kipimo. Lazima upimie nje, pasipo na ukuta. Basi nikaenda ufukweni, kwenye jiwe pana ambalo akina mama huanikia dagaa.

Asubuhi ile palinuka, we acha tu. Dagaa walionyeshewa na mvua walikuwa wanaoza kwenye nyufa, nzi wamejaa, na vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi vikaniingia puani na mdomoni. Vingine nilivitafuna. Nikaweka spika juu ya jiwe, nikafunga maikrofoni kwenye kijiti, mita moja mbele yake. Upepo ukawa unaitikisa. Nikaishusha nikailaza juu ya tofali, karibu kabisa na jiwe, ikatulia. Nikapiga mlio wa kupimia, ule unaoanza kama ngurumo na kupanda mpaka unakuwa mluzi. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukapanda ukafanya kilima, palepale panapong'aa sauti za wanawake.

Nikajisifu kwamba nimeukamata ugonjwa. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha sakiti inayogawa sauti kati ya spika kubwa na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, nikarudi kupima juu ya tofali lilelile. Kilima hakipo. Mstari umenyooka. Nikauchapisha.

Kazi hii ina kanuni moja ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nawahubiria wenzangu: sogeza maikrofoni kidogo, upime tena. Kilima kikihama, si cha spika, ni cha mahali. Sikusogeza. Harufu ilikuwa imenichosha, na mstari ulikuwa mzuri mno.

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa darasa la tatu, na kwaya ile aliilea tangu kanisa likiwa la nyasi. Jumamosi ya mazoezi nikamwamkia, akaitikia marahaba, kwaya ikaanza kuimba kupitia spika zangu. Haukupita ubeti mmoja akainua mkono. Akawaambia waimbe bila spika. Kisha na spika. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, akina mama hawapo. Umewatia ndani ya gunia."

Nikatoa karatasi. Nikamwonyesha mstari kwa kidole, kushoto hadi kulia, kama ninayemfundisha mtoto kusoma. Alipotikisa kichwa, nikasema neno ambalo hadi leo linanitia kinyaa, tena mbele ya kwaya nzima.

"Mama, chombo hakizeeki. Masikio ndiyo yanayozeeka."

Alikunja kitabu chake cha nyimbo akakitia kwenye mkoba.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye siku nyingi alitaka kwaya ipewe mtu wake. Aliniomba ile karatasi, nikampa nakala huku natabasamu. Kwenye kikao akaipitisha mkono kwa mkono, akasema hiki ni kipimo cha kitaalamu na mwalimu wetu anabishana nacho. Akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wakacheka. Mimi nilikuwepo, nami nilicheka. Mwezi uleule yule mama akavuliwa kwaya, akaagwa kwa kitenge na chupa ya chai, na mimi nikapiga makofi. Pyuu!

Baadaye mtu wa Nyegezi akaagiza spika kama zilezile. Nikaenda kwenye jiwe, akina mama wakanifukuza kwa sababu dagaa wao walikuwa juani. Nikaona isiwe taabu, nikapandisha boksi kwenye jukwaa la waashi waliokuwa wanajenga kwa jirani, juu kabisa, na maikrofoni nikaifunga kwenye mti mrefu. Nikapima kabla sijarekebisha chochote. Kilima hakikuwepo. Boksi la aina ileile, spika za aina ileile, wala hapakuwa na kilima.

Nikaenda kanisani, nikabeba spika moja, nikaipandisha palepale. Mahali pa kilima palikuwa na shimo. Jiwe ndilo lililokuwa linarudisha sauti kwenye maikrofoni yangu, na mimi nikaikata spika sauti zake ili kutibu ugonjwa wa jiwe. Yule mama alikuwa amesikia shimo lile kwa masikio matupu, kwa ubeti mmoja.

Nikamwendea mzee wa kanisa, nikamweleza yote, nikaomba mwalimu arudishwe. Alinisikiliza huku anachokonoa meno. Akasema mwalimu mpya hajalalamika, nisiwaletee mtafaruku. Nilipomwambia karatasi ni ya uongo, akaniuliza, "Si umeichapisha wewe?" Nilimchukia kwa swali lile, lakini jibu lilikuwa ni ndiyo.

Nikazirekebisha spika. Kisha nikaenda nyumbani kwa yule mama wa kwaya, nikamkuta anachambua maharage, nikakiri kila kitu, jiwe, tofali, na neno langu la masikio. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Nilimsihi aje asikie, na Jumamosi akaja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwaya ikaimba. Akafumba macho.

Nikainama nikamuuliza kama akina mama wapo.

"Wapo," akasema. "Ila yule wa tatu kutoka kushoto, sauti ya kwanza, anashuka. Kamwambie mwalimu wenu."

Akachukua mkoba wake akatoka. Nikabaki nimesimama, nikasikiliza ubeti mzima mpaka mwisho. Kweli, wa tatu kutoka kushoto alikuwa anashuka, na mimi nilikuwa sijasikia.