Nilimwekea Kijana Wangu Oil kwa Siri, Sasa Kanisa Inasema ni Baraka Zangu

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi Kitengela, hapa upande wa Noonkopir. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa nivumilieni, naandika na kidole kimoja. Admin, jina langu lisitoke hata kidogo. Watu wa kanisa yetu wako kwa hii page.

Niko na kijana, kifungua mimba wangu, nitamwita Leshan, tunaishi boma moja na mke wake na watoto. Mwaka huu alichukua gari mpya, si hizi zilitumika na watu wengine huko ng'ambo, mpya kabisa, viti bado viko na nailoni. Anabeba nayo wateja kutoka hapa hadi Nairobi. Siku aliileta nyumbani niliibariki vile mama yangu angefanya. Nilichukua maziwa kwa kibuyu nikanyunyizia boneti na magurudumu, nikafunga nyasi mbichi pale mbele. Nililia. Baba yake alikufa bila kumiliki hata baiskeli.

Baada ya miezi michache alikuwa ananipeleka Kiserian kwa dada yangu, nikaona taa ya manjano imewaka pale mbele ya usukani, iko na umbo la birika. Mimi huuza chai karibu na magereji, birika naijua. Nikauliza, "Hiyo ni nini?" Akaniita mama kwa Kimaasai kama kawaida, "Si kitu, yieyo. Kunywa soda yako." Lakini nilimwona akimeza mate.

Kesho yake nikauliza fundi mmoja ambaye ni mteja wangu. Akasema, "Mama, hiyo ni oil imeshuka. Hata gari mpya inaweza kuwa na ubovu, iwe inakula oil. Isipoongezwa, injini inashika, inakwama na kuzima papo hapo." Akafungua gari moja akanionyesha kile kijiti cha kupimia, alama ya chini na alama ya juu. Akacheka, "Kama unajua kupima maji ya chai, hii utaweza."

Ndugu zangu, nikaanza. Kila baada ya siku mbili, Leshan akiwa anaoga asubuhi, nilikuwa nafungua boneti, napima, naongeza ifike alama ya juu, nafunga polepole. Nilijiambia, mtoto hatoki kwangu bila chai, na hiyo gari pia haitatoka na kiu. Sikumwambia kwa sababu ni mtu wa kujisikia, angeona namfanya mtoto mdogo. Siku moja nikapata kifuniko cha oil kimefungwa karatasi na kamba nyekundu, imeandikwa Kizungu. Nilidhani ni kama ile karatasi ya bei hubaki kwa nguo mpya. Nikaisogeza tu, nikaweka oil, nikairudisha.

Kumbe Leshan alikuwa amelalamika kwa kampuni iliyomuuzia. Wakajaza oil wao wenyewe, wakafunga hiyo karatasi, wakamwambia aendeshe mwezi mmoja bila kuongeza hata tone, ndio wapime gari inakula kiasi gani. Ikionekana inakula, wanampa injini mpya. Na yeye alinificha mimi kwa sababu ya pressure yangu. Yeye ananificha, mimi namficha, yote ni mapenzi.

Siku ya kupima alirudi nyumbani amenyong'onyea. Akaketi kwa mlango bila kuvua viatu. "Yieyo, wamenicheka mbele ya watu. Yule jamaa amesema, 'Kijana, oil iko pale pale tuliiacha. Ulitaka injini ya bure?'" Hapo ndipo nilielewa ile karatasi ilikuwa inasema nini. Nikafungua mdomo niseme. Lakini akainua kichwa, akaanza kutabasamu. "Lakini hiyo taa ilizimika yenyewe. Unajua ni nini? Ni yale maziwa yako."

Jumapili akasimama kutoa ushuhuda. Mchungaji akasema, "Mama mwenye maziwa asimame tumwone!" Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na mimi natazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo jirani amekuja na pikipiki nimnyunyizie, mwingine akaleta hata mashine ya kushona.

Kutoka hapo niliogopa kupatikana nikifungua boneti, nikaacha kuongeza. Jumanne taa imewaka tena. Mke wake, ambaye ni mjamzito wa miezi saba, akamwambia apeleke gari kwa fundi. Akacheka, "Hiyo taa ni mwongo. Wenyewe walipima wakasema gari iko sawa. Na imebarikiwa." Jumamosi anawapeleka Entarara kwa wakwe, yeye, mke na wajukuu wangu wawili, kwa ile barabara ya Mombasa yenye malori. Fundi wangu ameniambia injini ikishika ukiwa kwa mwendo, na lori liko nyuma, usiulize.

Leo asubuhi nimepima. Kijiti kimetoka kikavu.

Nikimwambia, atajua ni mimi nilifanya aitwe mwongo, na kanisani sijui nitaketi wapi. Lakini pia labda kampuni itakubali kupima upya, kwa sababu waranti haijaisha. Nikinyamaza, itabidi niendelee kuongeza kwa siri, na Entarara siendi nao. Huko njiani nani atafungua boneti?

Chupa moja ya oil imebaki, nimeificha kwa ndoo ya unga. Wamama wenzangu, na nyinyi vijana mnaojua roho ya mtoto wa kiume, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Niimimine huko ndani kesho akioga, ama nimpelekee hiyo chupa mkononi akikunywa chai? Na nikimpelekea, neno la kwanza niseme nini?